Panzi wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na mkono wa kulea. Mimi nilizaliwa na macho ya kuangalia vya wenzangu. Nilikuwa hivyo tangu utotoni, kule karibu na Migwani, miaka ya sabini.

Susu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, aliokota mayai ya kanga akipalilia shamba, akayaweka chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Wakaanguliwa vifaranga wawili tu, akatugawia mmoja mmoja.

Mimi nilikamata panzi, nikamng'oa miguu na kumtupia kanga wangu papo hapo. Mdogo wangu aliwatia wake kwanza kwenye kibuyu, akawashindisha humo wakila majani mabichi ya kunde na unga kidogo wa mtama.

"Panzi akiwa na njaa ni maganda tu," alisema. "Acha ale kwanza, ndio ndege ashibe."

Nilimcheka. Lakini kanga wake alinenepa, akawa anamfuata hadi mlango wa kanisa na kumngoja nje, na akina mama wakitoka walimsifu msichana, si ndege. Wangu alibaki mifupa na macho.

"Wewe unalisha kama mtu anayelipa faini," Susu aliniambia.

Ningeweza kumwiga, kunde zilikuwa tele. Lakini kumwiga kungekuwa kukubali kwamba ananishinda akili, na roho yangu ilikataa katakata. Asubuhi moja nikachota ugoro wa Susu, ule wa kunusa, nikaumwaga ndani ya kibuyu cha panzi na kukitikisa. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilitaka yule kanga augue kidogo tu. Ni uongo. Nilitaka afe.

Nikaenda zangu kuchota maji, nikatembea taratibu ili nikirudi nikute yamekwisha.

Nilimkuta mdogo wangu amekaa uani, analia kwa kwikwi. Kanga wake alikuwa akidonoa mchanga pembeni yake, mzima kabisa. Wangu alikuwa amelala kwenye sketi yake, shingo imelegea.

"Nilimpa panzi wangu wote," alisema. "Niliona wako anakonda. Nilitaka wakue pamoja. Sijui nimekosea wapi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mdomo ulifunguka, nikasema, "Umeniulia ndege."

Akapangusa machozi, akambeba kanga wake na kunipa. "Chukua huyu basi. Awe wako."

Huruma ilinishika, lakini wivu ulitangulia: hata wema alikuwa nao kunizidi. Nikamchukua. Nilimlisha panzi walioshiba kunde, nikamfunga uzi mguuni siku tatu ili anizoee.

Siku ya nne nikamfungua. Mdogo wangu alikuwa akipita na mtungi kwenda kisimani, wala hakumwita. Kanga akanipita mimi na panzi wangu mkononi, akaenda nyuma yake.