Simu Iliyolia Ofisi ya Umeme

Aibu hii nimejitakia mwenyewe. Nilikwenda ofisi ya umeme ya Bawshar, huku Uarabuni, kubadilisha bei ya mita ya chumba cha uani, niingie ile bei inayopanda na kushuka kwa saa. Mita ina jina la baba.

Binti wa kaunta, Mzanzibari mwenzetu, akatazama kompyuta. "Ami, humu kiyoyozi hakizimwi mchana kutwa. Nani anakaa?"

"Baba. Hapendi joto."

"Basi lazima akubali mwenyewe. Yupo?"

"Yupo nyumbani, kapumzika," nikasema, mtu mzima na mvi zangu.

"Nampigia. Nambari yake nnayo hapa."

Nikaitikia kwa kichwa, nikajiona mjanja. Simu ikalia mfukoni mwa kanzu yangu. Ilikuwa ya baba; nilisahau kuwa ninayo. Tangu tumzike naichaji kila asubuhi, natembea nayo, kama ninavyomwashia kiyoyozi chake.

Foleni nzima ikanigeukia. Kwa kuchanganyikiwa, nikaipokea.

"Haloo," nikasema.

Binti alikuwa mbele yangu, simu sikioni. Hakuiteremsha. Akaniuliza humo humo, taratibu, watu wasisikie:

"Ami, kafariki lini?"