Kitambaa Juu ya Sola

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa nikifundisha shuleni Mvara, likizo zangu nilizipitisha kwa shangazi yangu huko Dranya, upande wa Koboko. Shangazi aliuza mafuta ya taa, na hakukuwa na taa ya jirani, awe Mwislamu au Mkristo, ambayo haikujazwa kwa mkono wake.

Wakulima walipokubaliana kuchanga mavuno ya tumbaku ili wapate sola ya kuchajia betri za nyumba zao, swali la kwanza mkutanoni halikuhusu jua. Fundi wa redio, mwanajeshi wa zamani, alisimama akauliza, "Na huyu mama ya mafuta, yeye atakula nini?"

Ikaamuliwa kwamba aliyeshika mafuta ndiye ashike sola. Wachache walinung'unika kwamba hajui kusoma. Basi akapewa siku saba za majaribio. Azimio hilo nililiandika mimi.

Fundi aliipachika sola juu ya paa la kibanda cha shangazi, akamwonyesha nyaya, akamwambia, "Mama, hii kitu chunga yeye sana."

Siku ya tatu wateja walianza kurudi na betri zao. "Mama, hii betri umechaji ama umelaza tu?" Shangazi aliniita ndani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wakimnyang'anya na hii sola, biashara ya mafuta haitarudi. Nilisoma karatasi ya maelekezo mara tatu, toka neno la kwanza hadi la mwisho, nisione kasoro. Fundi, ambaye hakuisoma hata mara moja, aliegemeza ngazi akapanda.

Tulisikia kicheko kabla ya maneno. Sola ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kimefungwa kwa kamba kila pembe. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi: redio ina kitambaa chake, viti vina vyao.

"Mama! Hii kitu inakula jua, na wewe umefunga yeye mdomo!"

"Si wewe ulisema chunga? Mimi nimechunga. Hata wewe, bibi yako huchungi hivi."

Fundi alicheka hadi akashika ngazi kwa mikono miwili.

Siku ya saba, mkutano ulipokaa tena, mmoja wa wanung'unikaji alisema ushahidi wa kumwondoa umetosha. Fundi akasimama tena. "Kosa iko kwangu. Nilisema chunga, sikusema namna gani. Mimi mwenyewe nilifundishwa betri jeshini miezi mingi. Yeye nilimfundisha nusu saa."

Mkutano ukaazimia abaki, na fundi amfundishe kila asubuhi mpaka shangazi mwenyewe aseme ameelewa. Nilifuta neno "majaribio" kwa mstari mmoja ulionyooka, nikasoma azimio.

"Soma tena," shangazi akasema.

Nikasoma tena.

"Basi. Betri ya kwanza iko ya nani?"

"Yangu!" wakasema watu sita kwa pamoja, na wa kwanza kufika mbele alikuwa yule mnung'unikaji.