Fundi Vigae Aliyeangushwa na Vidonge vya Magoti

Saa moja asubuhi, ghorofa ya tatu. Pimamaji amepiga magoti. Anapaka gundi, anabandika kigae, anakigonga kwa nyundo ya mpira, kisha anafumba jicho moja na kutabasamu.

"Weka gololi hapo," anasema. "Ikibingirika, nakununulia soda."

Jina hilo, la kifaa cha kupimia usawa, alipewa na mafundi wenzake kwa jicho lake kali. Ana miaka arobaini na sita. Ishirini na miwili ameimaliza sakafuni.

Mwaka juzi mwili ulimgomea. Tumbo lilimsokota kwenye kitovu kila alipokula. Kukafuata kuharisha, kichefuchefu, kizunguzungu. Miezi mitano, kilo kumi na moja zikayeyuka.

"Suruali ya kazi niliifunga kwa kamba," anakumbuka. "Kabla sijaanza chumba, natafuta kwanza choo kiko wapi."

Msimamizi akampa kazi yake mtu mwingine. Mdogo wake, mshonaji, akamburuta hospitali.

Vipimo vikaonyesha utumbo mwembamba umevimba na kuchubuka. Daktari akaeleza kwamba mara nyingi chanzo ni vijidudu vya kwenye maji au chakula kichafu, lakini kwake havikuonekana.

"Kuna dawa unayotumia?"

"Hakuna, daktari."

Mdogo wake akaguna. "Dada, na vile vidonge?"

"Vile si dawa, vile ni vya magoti!"

Daktari akadadisi zaidi. Kwa miaka minne Pimamaji alikuwa akimeza vidonge vitatu vya maumivu kila siku, bila kuandikiwa na mtu. Ndivyo vilivyomchubua utumbo na kumvujisha damu kidogo kidogo.

Akaviacha. Wiki za kwanza alishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu. Daktari akampa dawa za kuongeza damu na mazoezi ya magoti. Mdogo wake akamshonea pedi nene za sponji. Baada ya miezi mitatu tumbo likatulia. Baada ya miezi saba, kilo tisa zilikuwa zimerudi.

Simu ikaita. Sakafu za yule aliyepewa kazi yake zilikuwa zimepinda.

"Mama, turudishie mkono wako," msimamizi akaomba.

"Narudi," akamjibu, "ila kwenye vigae mkubwa ni mimi."

Leo anaongoza mafundi tisa. Na mwezi ujao ana kazi aliyoiahirisha tangu aolewe: nyumba yake mwenyewe, ambayo bado ni saruji tupu.

"Naanza na sebule," anasema, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Mume wangu nimeshamwambia: viatu, nje!"