Minyaa Niliyoiongeza kwenye Picha

Nilitoka Mbeya na begi moja, nikalala Singida, nikalala tena Kahama, na kutoka Nyakanazi nikapanda lori la mihogo hadi Ngara. Siku hiyohiyo Mtunza Mkuu wa nyumba ya kuhifadhia picha za kuchora, mama wa maneno machache, aliniajiri, akaniambia, "Hapa kazi ni kutazama. Mikono ikae mfukoni."

Nilianzia chumba cha michoro ya viungo: migongo na magoti ya wakulima, iliyochorwa kwa mkaa ili mchoraji ajifunze mwili. Ukiipangusa, imekwisha. Kisha nikahamishiwa kwenye sura za watu, mwisho mandhari. Huko ndiko mikono ilikonitoka mfukoni.

Picha ya bonde moja la Nyakisasa ilikuwa imebabuka kwa unyevu. Kuziba kunaruhusiwa, kwa rangi inayofutika, na kila ulichoziba unakiandika. Mimi nilikisia, nikachora mstari wa minyaa, miti ya utomvu inayopandwa kuwa ua, kutoka mtoni hadi kwenye migomba. Ukapendeza. Sikuandika popote.

Miaka mitatu baadaye wakaja mjane na shemeji yake, wanagombea shamba la bonde lile. Picha ile ilikuwa imeshazunguka kijijini kwenye simu, na wazee waliwatuma wakaione yenyewe, kwani huko minyaa ndiyo alama ya mpaka wa mashamba.

"Minyaa hiyo hapo, shemeji, na migomba iko upande wangu," mwanaume akasema. "Au mchoraji naye nilimhonga?"

"Mchoraji alikufa wewe hujaota meno." Mjane akanigeukia. "Mwanangu, wewe unaishi na picha hizi. Hii minyaa ilikuwepo?"

Mtunza Mkuu alisimama mlangoni. Nilikuwa nimehangaika miji mingi, na hapo tu ndipo nilipowahi kutulia.

"Hapana, mama. Niliichora mimi."

Shemeji akacheka. "Amekupa mikungu mingapi?"

Mtunza Mkuu akaleta pamba na spiriti. "Futa."

Minyaa yote ikatoka kwenye pamba. Pakabaki kitambaa kitupu.

"Ungesema juzi," mjane akasema polepole. "Juzi ameikata migomba yangu."

Ninyi mnaoanza kazi hii, pengo mliache lionekane pengo. Harufu ya rangi za chumba kile bado naitamani kila ninakokwenda.

Mtunza Mkuu hakunifukuza. Alisema kesho nirudi kwenye michoro ya mkaa. Lakini dirishani niliwaona wale wawili wakishuka mteremko, kila mmoja upande wake wa barabara, wakirudi kwenye shamba lililokwisha kufyekwa kwa ajili ya mstari wangu. Nikaondoka jioni ileile.