Ukuta wa Jiko la Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na rula mpya, penseli tatu na sketi niliyoipiga pasi mara mbili. Ilikuwa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika karakana ya ujenzi iliyokuwa nyuma ya soko. Nilikuwa nimerudi na wazazi wangu kutoka ukimbizini Karagwe, Tanzania, ambako nilisomea uchoraji wa ramani za nyumba. Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa ujenzi, mzee mrefu aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, ambaye sote tulimwita Chef, yaani bosi kwa Kifaransa. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akacheka hadi akavua kofia.

"We Tanzania, hapa tunasema bonjour. Sasa weka ile penseli. Leo hautachora kitu. Leo unapima."

Basi nikapima. Wiki mbili nzima nilipima majiko ya watu bila kuchora hata mstari mmoja. Chef alinifundisha timazi, yaani kizito kilichofungwa kwenye uzi, inayokuonyesha kama ukuta umesimama wima. Na pima maji, yenye tone la hewa ndani ya kioo, inayokuambia kama kaunta imelala sawa. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano, na jiwe lile halina adabu. Kona inayoonekana mraba, ukiipima inakukana.

Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa peke yangu ilikuwa jiko la Mama Furaha, mjane aliyeuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika katika ajali ya lori na haukuunga vizuri. Jiko lake lilikuwa chumba cha nyuma chenye giza, bila bomba la kutoa moshi, na kikohozi chake ulikisikia tangu barabarani. Binti yake Furaha, karani huko Kigali, ndiye aliyetaka jiko litengenezwe upya. Alituma picha aliyoikata gazetini: vigae vyeupe, kaunta ndefu, makabati mpaka darini. Nikachora kama picha ilivyokuwa, nikampelekea Chef nikiwa na kiburi kidogo.

Aliitazama, akairudisha mkononi mwangu. "Ulimuona mama anapika?"

"Bado, Chef."

"Donc hauna plan. Uko na picha ya jiko ya mutu mwingine. Kesho enda ukae kwake. Na usibebe karatasi."

Kesho yake nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikamtazama Mama Furaha akipika. Aliinuka kufuata maji uani. Aliinuka kufuata chumvi kwenye rafu ya juu. Aliinuka kufuata vitunguu stoo, upande wa pili wa ukuta. Kila mara alishika fremu ya mlango na kuuma mdomo. Kabla maharage hayajaiva nilikuwa nimepoteza hesabu. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

Akatazama nje kwanza, kana kwamba binti yake angeweza kusikia kutoka Kigali. "Mutoto yangu, mi nataka kupika nikiwa nimekaa. Lakini usimuambie Furaha. Atasema mama yake amekuwa kilema."

Nikachora upya. Kaunta niliishusha hadi kimo cha mtu aliyekaa, chini yake nikaacha wazi ili miguu iingie, na mbele yake nikaweka benchi. Sinki nikaliweka mahali ambapo mkono unafika kutoka kwenye imbabura, jiko lake la makaa, na juu ya imbabura nikaweka bomba la moshi. Ukuta kati ya jiko na stoo nikaufuta wote. Chef akatia saini.

Siku ya kubomoa, fundi alipiga nyundo mara tatu tu. Ufa ukapanda juu ya plasta, vumbi likamwagika kutoka darini.

"Simama!" Chef alipiga kelele. "Mutu asiguse kitu! Tokeni!"

Akapanda ngazi akachungulia darini, kisha akashuka, akaniamuru nipande na mimi. Boriti kuu ya paa ilikuwa imelalia ukuta ule ule niliokuwa nimeufuta. Nilikuwa nimepima urefu, upana na milango yote, lakini darini sikuwahi kuchungulia. Nikashuka.

"Nani alisema hii ukuta haibebe kitu?" Chef aliuliza, mafundi wote wakisikia.

"Ni mimi, Chef."

"Na mi niliweka saini. Tuko wawili." Akanisogelea, akapunguza sauti. "Lakini kumuambia mama, ni we utaenda."

Mama Furaha alikuwa ameketi uani kati ya masufuria yake. Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, nilikosea. Paa lingeweza kukuangukia."

"Imeanguka?"

"Hapana."

"Bon. Basi tengeneza vile inafaa. Lakini mi sirudi kwa ule moshi."

Tukaegemeza paa kwa miti ya mikaratusi, tukaacha nguzo ya mawe chini ya boriti, tukafungua ukuta pande zote mbili. Nguzo ikabaki hatua moja kutoka kwenye benchi lake. Siku ya kwanza kupika humo, Mama Furaha aliishika kwa mkono wa kulia akainuka bila kuuma mdomo. Watu walinisifu. Ukweli ni kwamba sikuichora kwa ajili hiyo.

Jumamosi Furaha akafika. Akasimama mbele ya kaunta iliyomfikia mapajani. "Hii ni nini? Mumejenga jiko ya watoto?"

Nikafungua mdomo, lakini mama yake alinitangulia. "Furaha, huu mguu hautapona. Ni mi niliomba hivi." Akasogea pembeni ya benchi. "Kuja, kaa."

Furaha akapitisha kiganja juu ya kaunta. Kisha akavua viatu vyake vya ofisini, akakaa, na mama akamsogezea beseni la sambaza wasafishe pamoja. Wakaanza kuongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini. Chef na mimi tukatoka kukusanya vifaa ambavyo tayari vilikuwa vimekusanywa.

Baada ya hapo nilipelekwa Mahoko, kisha Mudende, ambako wafugaji walitaka chumba cha maziwa kisichofikiwa na moshi. Nilifanya kazi chini ya injinia mmoja mkali na wakurugenzi wawili wapole. Kila nyumba nilianzia darini, hata nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa pili. Chef alistaafu kabla yangu. Nashukuru kwamba nilipata nafasi ya kumwambia maneno yake "tuko wawili" yalinifanyia nini, maana bila hayo ningeacha kazi siku ile ile.

Sasa nami nimestaafu, na vijana huniuliza kama sikuchoka kuchora majiko maisha yote. Huwaambia hivi. Miaka ile wengi wetu tulikuwa ndio kwanza tumerudi. Masufuria yalikuwa bado maguniani na masanduku yamefungwa kamba, kwa sababu hakuna aliyejua kama kesho hatutahama tena. Halafu asubuhi moja mtu anakuja karakanani na kusema: njoo unipimie jiko. Alikuwa ameamua kukaa. Mara nyingi hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote, na aliyeambiwa wa kwanza nilikuwa mimi.