Zamu ya Sifuri

Shamba langu la mpunga kule Ubaruku lilipewa namba baada ya mengine yote. Liko juu kabisa ya mfereji, kabla ya namba moja, na kamati ya maji haikutaka kufuta rangi kwenye mageti yote ianze upya. Mwenyekiti akachukua brashi, akaniandikia 0. Nilicheka. Mimi ni mwalimu wa hesabu Mbeya mjini, nikaona nimepewa namba ya heshima.

Kicheko kilikatika mto ulipopungua. Kamati ikapanga zamu: siku tatu maji yaende kwa namba shufwa, siku tatu kwa witiri. Mbili, nne na sita wakafunguliwa. Mimi sikufunguliwa. Jirani yangu, mama wa namba moja, alisema sifuri si namba, ni ile wanayopata wanafunzi wangu, na watu wakaangua kicheko. Nikawaeleza kwamba ukigawa sifuri kwa mbili hakibaki kitu, kwa hiyo ni shufwa. Akauliza nagawa nini wakati hakuna cha kugawa. Darasani ningemjibu upesi. Pale ukingoni, huku udongo wa kitalu changu cha miche ukianza kupasuka, nilibabaika. Tulibishana mpaka siku za shufwa zikaisha.

Asubuhi ya zamu ya witiri mwenyekiti alinikuta nimechuchumaa kitaluni. Miche ilikuwa imejikunja, ncha zimegeuka njano, na hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yangu yote ya mwaka. Mzee yule alinionea huruma, na huruma yake ilikuja na hesabu. Alisema amewaza sana: kama mbili inaingia kwenye sifuri bila kubakisha, basi hata tatu inaingia, hata tano. Sifuri ni ya witiri pia.

"Mwalimu, wewe sema tu ni witiri," akaniambia. "Kamati inakuamini. Nafungua sasa hivi."

Nilichanganyikiwa kabisa. Hoja yake ilinikaa vizuri kichwani, nami nilitaka inikae. Ni kweli sifuri inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa yoyote utakayoileta. Ni namba gani hii isiyomkataa mtu? Kisha nikaikumbuka sita. Tatu inaingia kwenye sita pia, na mwenye namba sita alimwagilia na wenzake wa shufwa bila kuulizwa. Niliichukia hiyo sita. Nilichukia kujua.

"Ni shufwa, mzee," nikasema.

Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayekataa uji, akaenda kufungua namba moja. Maji yakapita kwenye mfereji kando ya kitalu changu. Kuchota kwa ndoo kulikuwa marufuku, na mama wa namba moja aliketi ukingoni kunilinda nisichote. Mume wangu aliniuliza kwenye simu ningepungukiwa nini kama ningekosea mara moja tu. Mpaka leo nikiulizwa hivyo naanza sentensi siimalizi.

Zamu ya shufwa iliporudi, mwenyekiti alianza na geti langu, mbele ya wote, na hakuna aliyebisha.

"Haya mwalimu, haki yako hiyo."

Maji yakaingia kwa nguvu, na majani makavu ya miche yangu yakaelea juu. Nikamwambia asante.