Walikimbilia Wapi?

Juzi, basi likipita mtaa wa Black Rock, niliona bango la uwanja wa vita vya kale, na harufu ya baruti ikanirudia puani.

Siku moja nilipokuwa mtoto, tulikuwa tumepanga kupita kwenye uwanja huo kwanza, halafu twende kuona maporomoko ya Niagara. Mwongoza wageni, aliyevaa koti jekundu la kiaskari, alifyatua bunduki na watu wakapiga makofi. Mama, aliyekimbia Burundi utotoni na kukulia kambini Tanzania, hakupiga.

"Neema, muulize wanawake na watoto walikimbilia wapi."

Nikatafsiri. Yule mtu akatutajia majenerali.

"Sikuulizia wakubwa. Muulize tena."

"Mama Neema," Baba akanong'ona, "maporomoko yanatusubiri."

"Maji yapo tu. Yaende wapi?"

Nikauliza tena, uso ukiniwaka kwa aibu. Nilidhani vita vingerudi jioni ile na Mama alitaka kujua njia mapema, kwa hiyo nikaanza kuchagua mti wa kujificha na mdogo wangu. Mwishowe yule mtu akavua kofia, akakiri kwamba hajui.

"Mwambie atafute," Mama akasema. "Tutarudi."

Hatukurudi, kazi ya ghalani ilimeza Jumamosi zote za Mama. Mimi nimesoma historia chuo kikuu, na vitabu nilivyopewa navyo vilinitajia majenerali.

Jumamosi hii nampeleka Mama. Maporomoko tutayaona tukishajibiwa.